Nekesa, Mguu Wako Haukuwa Mzito

Kware, Alhamisi, jua halijashuka

Nekesa mwanangu,

Sikuulizi hali. Hali yako naijua. Umeteremka ngazi nusu saa iliyopita ukiimba, unaenda kuwaaga wanakwaya wenzako, na begi lako limekaa upande wa pili wa pazia limefura mpaka zipu inalalamika. Kesho saa mbili asubuhi utapanda gari la Kisumu kwenda kuanza kazi. Nimefunga kibanda mapema, nimenawa grisi, nimeketi na kalamu, na yeyote atakayebisha hodi atabisha mpaka achoke.

Akina mama wa kanisa wamenipa mambo ya kukuandikia: uchemshe maji ya kunywa, uogope wanaume wa huko, usiache simu mezani, usikose ibada. Sitaandika hata moja. Una miaka ishirini na miwili na umekuwa ukipandisha mitungi ya maji ghorofa tano tangu darasa la tatu. Ambalo hulijui kuhusu kuishi, Kisumu itakufundisha yenyewe.

Mimi nina jambo moja, na nitalisema hapa juu kabla sijapata ujanja wa kulizungusha. Ile baiskeli uliyoanguka nayo kwenye daraja la Donholm haikuharibiwa na mguu wako. Niliiharibu mimi, kwa mikono yangu hii. Halafu nikasimama mbele ya watu nikakuachia lawama, na lawama hiyo imefika Kisumu kabla wewe mwenyewe hujafika. Mficha uchi hazai, na mimi nimeficha vya kutosha.

Sasa niache nikueleze, na usinikatize kama unavyopenda.

Unajua kwamba babu yako alibeba abiria kwa baiskeli kwetu Bungoma. Hujui jinsi alivyonifundisha. Nilikuwa na miaka tisa. Alifunga gunia la mahindi nyuma ya Blakmamba yake, ile baiskeli nzito ya chuma, akanielekeza kwenye kilima cha kwenda kwa mashine ya kusaga, akaniambia, “Mlimani usilegeze mguu. Ukilegeza, gunia litakurudisha kwa mama yako.” Nililegeza. Gunia likanirudisha, baiskeli ikaniangukia, na shangazi zangu waliokuwa wakipepeta mtama wakacheka mpaka wakashika mbavu. Walisema ndiyo maana msichana hapandi baiskeli. Siku iliyofuata nilipanda kile kilima chote huku machozi yananitoka, sikulegeza hata kidogo, na nilipopita mbele yao sikuwaamkia. Nilichapwa kwa kutoamkia. Sijawahi kujuta.

Neno hilo moja, usilegeze, ndilo lililonilea. Baba yako alipoondoka wewe ukiwa darasa la pili, kila mtu alinishauri nirudi nyumbani. Nikanunua Blakmamba iliyokwishatumika nikaanza kubeba sukumawiki na nyanya kutoka soko la Muthurwa hadi hapa Kware. Kwenye Jogoo Road wanaume wa mikokoteni walikuwa wananipigia kelele, “Mathe, shuka usukume!” Sikushuka. Kuna siku mguu ulitetemeka mpaka nikafikiri nimepooza, na bado sikushuka. Fundi mmoja aliponirudishia gurudumu limepinda mara ya tatu, nilinunua spana zangu nikajifunza kulinyoosha mwenyewe, na ndivyo kibanda kilivyoanza. Waliokuja kucheka walirudi na baiskeli zao zimevunjika. Nilizitengeneza, na nilikuwa nawangojesha makusudi kidogo. Mungu anisamehe kwa hilo, au asinisamehe.

Nawe nilikufundisha kwa neno lile lile. Unakumbuka uwanja wa shule, Jumapili baada ya ibada, wewe na gauni lako la kwaya? Nilikuwa nakimbia nyuma yako nikipiga kelele, “Kanyaga! Usilegeze!” Ulikanyaga. Hakuna mtoto katika ploti zote hizi aliyekanyaga kama wewe.

Halafu kampuni ya maziwa ikakuajiri, zikaja baiskeli za stima, zinazosaidiwa na umeme.

Leo unazijua kuliko mimi, lakini niache niseme nilivyozielewa wakati ule, uone mahali nilipojikwaa. Blakmamba ina gia moja. Unachokanyaga ndicho unachopata. Hizi za kampuni ya maziwa zilikuja na gia tano zilizofichwa ndani ya habu, lile pipa dogo la katikati ya gurudumu la nyuma, na hakuna wa kuzibadilisha kwa kidole. Baiskeli hujibadilishia yenyewe. Hupima mwendo; ukipungua inashuka gia nyepesi, ukiongezeka inapanda nzito. Mota nayo iko kwenye pedali, inavuta cheni pamoja na mguu wako. Kwa kuwa gia haihami vizuri cheni ikiwa imekazwa, kuna waya mwembamba unaotoka nyuma kwenda kwenye mota kuiambia: pumzika kidogo, nahama. Mota inanyamaza kufumba na kufumbua, gia inaingia, mota inaendelea. Hiyo ndiyo akili yote ya chombo kile, na mimi niliiona upuuzi.

Kampuni ilinipa mimi kazi ya kuzitengeneza, na Brayo, mwendeshaji mwenzako, ndiye aliyeanza kulalamika. Alikuja kibandani na kofia yake ya kampuni imegeuka nyuma.

“Mathe, hii ngoma inakata stima mlimani. Niko na kreti sita za maziwa, nafika katikati ya daraja, inazima kidogo, naanza kurudi nyuma. Siku moja lori itanimaliza.”

“Inazima lini hasa?”

“Ikibadilisha gia. Pale pale kwa kupanda.”

Nekesa, nilikasirika. Baiskeli inayolegeza mlimani! Kila kitu ambacho baba yangu alikipanda ndani yangu kiliamka. Nikasema hii imetengenezwa na mtu ambaye hajawahi kubeba hata pakiti ya unga, na hapo sikukosea kabisa, kama wewe mwenyewe ulivyokuja kuonyesha. Ila badala ya kuuliza, nilichukua koleo. Niliuchomoa ule waya, nikafunga ncha zake kwa tepu, nikamwambia Brayo aende. Akapanda daraja bila kuzimikiwa. Kesho yake walikuja waendeshaji wengine wote, foleni mpaka kwa muuza chapati, na mimi nikachomoa, nikafunga, nikachomoa, nikafunga. Na yako pia, kwa kuwa ulikuwa mwendeshaji kama wao na sikutaka mwanangu azimikiwe mlimani.

Tepu unaijua. Mafundi wote wa hapa hutumia nyeusi. Mimi nilitafuta ya kijani kule Eastleigh, nikanunua katoni nzima, ili mtu akiona kijani kwenye baiskeli ajue ni mkono wa Mama Nekesa. Ndivyo nilivyojivuna.

Kwa wiki tatu nilikuwa malkia wa Kware. Nilisifiwa na watu ambao hawajawahi kunisifu. Na wakati huo wote baiskeli zilikuwa zinanieleza ukweli: kila zilipobadilisha gia mlimani zilitoa mlio, ka! Meno ya gia yalikuwa yanagongana mota ikiwa bado inavuta. Niliusikia mlio huo. Fundi husikia. Nikajiambia ni chuma kipya kinazoea kazi. Hilo ndilo linaloniuma kuliko mengine, kwamba masikio yangu yalikuwa mazima.

Siku ya daraja nilikuwa naziba pancha simu ilipolia. Nilikimbia kutoka kibandani hadi Donholm na tairi mkononi, sijui kwa nini sikuliacha. Nilikukuta umekaa kando ya barabara, mkono umeushika kifuani, na maziwa yanateremka kwenye lami mpaka kwenye mtaro. Watu walikuwa wanaokota pakiti ambazo hazikupasuka. Basi lililokuwa nyuma yako lilikuwa limesimama hatua mbili kutoka mahali kichwa chako kilipolala. Dereva wake alikuwa ameshuka, anasimamisha magari.

Uliniangalia ukaniambia, “Mama, pedali zilizunguka bure, zikaniachilia. Sikufanya kitu kibaya. Nilikanyaga vile ulinifunza.”

Akafika Kalamu, msimamizi wao, yule tunayemwita hivyo kwa sababu ya kalamu nne mfukoni mwa shati. Akazunguka baiskeli, akalisukuma gurudumu la nyuma kwa kiatu, akasema mbele ya watu wote, “Huyu msichana wako anakanyaga kama anaua nyoka. Amevunja gia.”

Nilikuwa najua. Pale pale, kabla sijaigusa baiskeli, nilijua. Na nikasema, “Ndiyo. Ana mguu mzito.”

Nimetafuta kisingizio, na wewe unanijua, mimi hutafuta vizuri. Ningeweza kusema niliogopa kupoteza kazi ya kampuni. Ni kweli, lakini ni kweli ndogo. Kubwa ni kwamba niliwaona wale wanaume wamesimama pale, mafundi wawili wa Tassia, washindani wangu, wakiwemo, na nikasikia shangazi zangu wakicheka tena kando ya mtama. Nilikuwa tayari kulegeza chochote siku ile isipokuwa jina langu. Nikalegeza lako.

Mtulinga, ule mfupa wa begani, ulikuwa umevunjika. Daktari alikufunga mkono akakupa wiki sita. Kalamu akakupa barua ya kukuachisha kazi. Mimi nikarudi kibandani nikarudishia waya kwenye baiskeli zote, moja baada ya nyingine, nikawaambia waendeshaji ni sevisi. Zote isipokuwa yako, maana ilikuwa imelazwa nyuma ya kibanda na sikuweza kuiangalia.

Ulipochoka kukaa nyumbani ukaja ukakaa na mimi. Siku ya tatu ukaivuta ile baiskeli kwa mkono mmoja ukaanza kuifungua. Nilikuwa nimekupa mgongo, ninakaza spoki ambazo zilikuwa zimekazwa tayari.

“Mama, nani alifunga hii tepu ya kijani hapa?”

“Sijui.”

Katoni ya tepu ilikuwa mezani, kati yangu na wewe, imefunguliwa. Nilisikia unavyoiangalia. Halafu ukasema, “Sawa,” ukaendelea kufungua.

Hukusema neno siku ile, wala wiki ile, wala mpaka leo. Kuna ukimya wa watu wanaopanga kisasi na kuna ukimya wako. Ulinipa nafasi ya kusema mwenyewe, na mimi niliitumia nafasi hiyo kukaza spoki. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini mimi nimetembea yangu miezi saba.

(Mtu anabisha hodi. Ni Mama Brayo, nimemtambua kwa kikohozi. Ameleta sijui kitu gani cha safari yako. Atakiacha mlangoni.)

Sasa nataka kusema ulichofanya baada ya hapo, kwa sababu najua ukifika Kisumu utakipunguza. Utasema, “Nilijaribu jaribu tu.” Usithubutu.

Waya ziliporudi, malalamiko pia yalirudi. Brayo akaja tena kusema anazimikiwa. Mimi nilikuwa tayari kumwambia avumilie. Wewe, na mkono wako umefungwa kwa kitambaa, ulitembea mpaka Donholm ukasimama chini ya daraja siku tatu mfululizo. Watu walidhani umerukwa na akili. Ulikuwa unasikiliza. Ulirudi siku ya tatu na vumbi mpaka kwenye nyusi ukaniambia, “Mama, waya hauna makosa. Makosa ni wakati.”

Ukanichorea kwa mkaa kwenye kibao cha kukalia. Baiskeli ilikuwa inangoja mpaka mwendo ufe kabisa ndipo ishuke gia. Kwa mtu mwenye mkoba mtupu hakuna tabu, kwani baiskeli bado inateleza mota inaponyamaza. Kwa mtu mwenye kreti sita, mwendo umekwisha, miguu imekwisha, na ndipo mota inanyamaza. Lazima arudi nyuma. Ukasema ishuke mapema, mlima unapoanza, mwendo ukiwa bado upo. Hapo mota ikinyamaza hakuna atakayejua.

Kalamu alikuruhusu ujaribu kwa moja mbovu, tena akicheka. Ulikaa na simu yako ukaingia kwenye mipangilio ya baiskeli, ukasogeza ule mwendo wa kushuka gia kidogo, ukampa Brayo akapanda, ukasogeza tena, akapanda tena. Kutwa nzima, na baadaye ukaziwekea baiskeli zote vivyo hivyo. Na uligundua la pili, ambalo hata waliotengeneza hawakuliandika mahali: mota ikinyamaza na mguu nao lazima unyamaze. Mtu mwenye miguu ya Blakmamba akisikia mota imenyamaza anakanyaga zaidi kwa hofu, na cheni inabaki imekazwa vile vile. Ukawapanga waendeshaji wote kando ya barabara ukawaambia, “Mkisikia imenyamaza, pumueni. Pumzi moja. Halafu kanyageni.”

Jioni Brayo alirudi anacheka peke yake. “Niaje, Neki! Umeifanyia nini hii kitu? Inapanda ni kama mlima umetolewa. Hata siskii ikibadilisha.”

Ulimjibu, “Ukiisikia ujue umekosea.”

Nilikuwa nyuma ya kibanda na nilisikia. Nilijivunia na nikaona aibu kwa wakati mmoja, na sikujua nianze na lipi.

Halafu ukanipandisha mimi. Hilo hujawahi kulisimulia kwa mtu na nakushukuru. Mtu aliyefanya ufundi zaidi ya miaka kumi, mwenye magoti ya chuma, alishindwa na daraja la Donholm mara saba. Ulikuwa unatembea kando yangu na mkono wako mgonjwa, unasema kwa upole ule ule nisioupenda, “Mama, legeza sasa.”

“Nikilegeza nitarudi nyuma.”

“Hutarudi. Sasa.”

Ka! Unarudi nami chini. Tena. Ka! Nilikutukana kidogo. Niliitukana baiskeli sana. Niliwaza, miaka yote hii nimeishi kwa kutolegeza, na sasa mtoto niliyemzaa anataka nilegeze katikati ya barabara, magari yakipita, na wanaume wa mikokoteni wakitazama. Mara ya nane nilikuwa nimechoka hata kubisha. Nikasikia mota imenyamaza, nikapumua, na mguu ukatulia wenyewe. Hakuna kilichotokea. Nilingoja kurudi nyuma, sikurudi. Baiskeli ilikuwa inaendelea kupanda kama kwamba sikuwa nimefanya kitu. Nilipofika juu nilianza kulia, ukadhani ni furaha. Nilikuwa nalilia mtulinga wako.

Mchungaji akilipata jambo hili atasema maisha ni kama gia. Mimi sisemi. Gia ni gia. Zipo siku za kulegeza pumzi moja na zipo siku za kukanyaga mpaka mguu utetemeke, na hakuna waya wa kukuambia ni ipi. Mimi nilikosea kwa sababu nilikuwa na jibu moja kwa kila mlima. Na hata sasa, ukiniuliza kama najuta kutoshuka kwenye Jogoo Road, nitakuambia hapana, na nikipewa nyanya zile zile kesho nitapanda vile vile.

Twende Kisumu. Wale wa karakana ya baiskeli za stima ya huko walipokupigia simu kwamba wanataka mtu wa kupanga gia, uliruka mpaka jirani wa chini akagonga dari. Wiki iliyofuata wakampigia Kalamu kuuliza habari zako. Ukaja kuniambia huku unachambua mboga, kama jambo la kawaida, “Wamesema nitaanza kwa kufagia na kupanga spana. Gia sitagusa kwanza. Wameambiwa nina mguu mzito, niliwahi kuvunja baiskeli.” Halafu ukacheka. “Si kitu, Mama. Watanijua polepole.”

Si kitu! Msichana aliyesimama chini ya daraja siku tatu na mfupa umevunjika, akasikia kwa masikio yake kilichowashinda waliotengeneza, aende akafagie? Kwa maneno niliyoyatamka mimi? Sahani yangu ya siku ile niliisukuma pembeni. Uliniuliza kama ni chumvi.

Leo asubuhi nilipokuambia naenda kutafuta mipira ya breki, nilikwenda kwa Kalamu. Nilimkuta ofisini anakunywa chai. Sikukaa.

“Bwana Kalamu, ile baiskeli ya Nekesa niliiharibu mimi. Nilichomoa waya wa mota. Nilichomoa kwenye baiskeli zenu zote. Yeye hakujua.”

Aliweka kikombe chini. “Mama Nekesa, mambo hayo yamepita. Mbona unayafukua?”

“Hayajapita. Yako Kisumu. Uliyapeleka wewe kwa simu na mimi ndiye niliyekupa. Nataka uandike barua.”

“Unajua unaniambia nini? Nikiandika hivyo, baiskeli haziwezi kubaki kwako. Wakubwa wataniuliza kwa nini fundi aliyechomoa waya bado anazishika.”

“Andika.”

“Fikiria kwanza. Kibanda chako kinategemea…”

“Kalamu unazo nne mfukoni,” nikamwambia. “Tumia moja.”

Akachomoa moja, akaandika. Nilimwambia aisome kwa sauti alipomaliza, mara mbili, na aliposema “mwendeshaji hakuwa na hatia kubwa” nilimfanya afute neno kubwa. Akapiga muhuri. Alipokuwa akinipa alisema kwa sauti ya chini, “Ningejua siku ile, singemfukuza.” Nikamwambia ndiyo, na mimi ningekuwa mtu bora siku ile, angejua. Tuliagana vizuri. Si mtu mbaya, ni mtu wa kalamu.

Nilipotoka niliwapitia wale mafundi wawili wa Tassia nikawaambia wao pia. Mmoja alicheka. Nilimngoja amalize kucheka, nikamuuliza kama kuna lingine, akasema hapana.

Baiskeli za kampuni zitaondoka Jumamosi. Usirudi mbio kunihurumia. Kibanda hakifungwi. Blakmamba zimejaa Kware, na muuza chapati ana mkokoteni usio na gurudumu tangu Pasaka. Tena wakienda nazo popote watakapokwenda, zitakuwa zinapanda kwa wakati uliouweka wewe. Hilo hawawezi kulichomoa.

Wewe ukifika huko, toa barua ya Kalamu kabla hujashika ufagio. Wakisema watakujua polepole, waombe wakuonyeshe mlima. Kila mji una mlima wake. Wakupe baiskeli iliyobeba mzigo, wasimame kando, wasikilize. Hutahitaji kuongea sana, na najua hupendi. Na siku moja utachomoa waya usiopaswa kuchomolewa, kwa maana u fundi na u damu yangu. Ukiulizwa, jibu siku ile ile. Hilo tu ndilo ninaloomba usilirithi kwangu, ule ukimya. Ubishi chukua wote, mwingine utabaki.

Nakuomba msamaha. Nimeliandika mwisho kwa sababu ndilo zito, na goti langu halikuzoea kulegea.

Nasikia unaimba huko chini, umefika ghorofa ya pili. Hutaikuta barua hii leo. Nitaiweka kesho chini ya nguo zako, pamoja na ile ya Kalamu, uisome ukiwa umevuka Naivasha na huwezi kushuka kuja kuniambia si kitu. Yake ina muhuri, wape wao. Hii ni yako. Bahasha nimeifunga kwa tepu ya kijani, na mtu akikuuliza ni nani aliyeifunga, mwambie, “Ni mama yangu.”